Kibuyu cha Krismasi

Jumamosi, tarehe 28 Desemba 2024. Tangu alfajiri mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha juu ya kijiji cha Masieda, ile isiyopiga kelele kwenye bati lakini haikatiki, na ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mashamba ya maharage. Sajenti Tadei Komba alisimamisha pikipiki mbele ya zahanati, matope yakiwa yamempanda hadi magotini. Akavua kofia, akafanya ishara ya msalaba, ndipo akagonga mlango.

Muda wake ulikuwa mfupi. Alasiri ile wazee wa ukoo wangekutana nyumbani kwa marehemu Agustino Hhando, aliyezikwa jana yake, ili kutamka laana juu ya mtu aliyemwekea sumu siku ya Krismasi. Katika ukoo ule laana hiyo haikuwa maneno ya hasira ya kusemwa leo na kusahauliwa kesho. Mtu iliyemwangukia hakuolewa wala hakuoa, hakuombwa moto wala hakupewa maji, na nduguze waliacha kutaja jina lake. Ikishatamkwa, hapakuwa na wa kuirudisha.

Na mtu ambaye wote walimwelekezea kidole alikuwa mahabusu, kwa usalama wake mwenyewe. Huyo ni Wilbard, mkwe wa marehemu. Ndiye aliyeleta chupa ya jini, ile pombe kali, kutoka Babati, na wiki mbili kabla ya sikukuu alikuwa amegombana na mzee mbele za watu kwa ajili ya malisho.

Tadei alikuwa amemhoji kwa muda mrefu. Wilbard alijibu kila swali kwa sauti ile ile ya uchovu. "Afande, Lucia, mjukuu wa mzee, aliniagiza kupitia mke wangu. Alisema, shangazi mwambie mjomba alete jini, nataka kutengeneza kokteli ya Krismasi. Nikaleta. Kizibo nilikifungua mbele ya wote. Kama ningetaka kumwua baba mkwe, ningemwekea sumu kwenye kinywaji ambacho mke wangu na mimi tunakinywa?"

Mlango wa zahanati ulifunguliwa. Tabibu Evaline alikuwa amevaa sweta juu ya koti lake jeupe.

"Karibu afande. Umelowa kama kuku."

"Ndiyo kazi, daktari. Nieleze tena ulichokiona kwa marehemu. Polepole, kama unamweleza mtoto."

Evaline akakaa. "Walipomleta alfajiri ya tarehe ishirini na sita alikuwa ameshakufa. Alianguka korongoni, mguu umevunjika, baridi na mvua vikamaliza. Kichwani hana jeraha la kupigwa. Lakini macho, afande. Ile mboni nyeusi ilikuwa imepanuka hadi rangi ya jicho haionekani. Na ulimi ulikuwa mkavu kama kipande cha ngozi, tena kwa mtu aliyelala kwenye mvua usiku kucha."

"Jini ya kughushi?"

"Ningeifikiria, kama wengine wangeumwa. Nimeita wote waliokunywa. Hakuna hata mmoja aliyelalamikia macho wala tumbo."

"Dawa ya kupe? Ipo jikoni kwao, nimeiona."

"Hiyo inafanya kinyume. Mboni zinakuwa ndogo kama tundu la sindano, na mate yanamwagika. Huyu alikauka." Alifungua simu yake, akamwonyesha picha ya gugu lenye ua jeupe lililosimama kama tarumbeta. "Ungeniuliza mimi, ningetafuta hili. Mnanaha. Linaota majalalani. Mtu akilinywa anapata joto, anakauka koo, anaona watu wasiokuwepo. Lakini mimi si mkemia. Sampuli zimekwenda, na majibu yatachelewa."

"Nitumie hiyo picha," alisema Tadei.

Nyumba ya marehemu ilikuwa juu ya mteremko, na watu wa msiba walikuwa bado wamejaa chini ya turubai. Hilary, mwana mkubwa wa marehemu, alimpokea mlangoni. Alikuwa mwalimu mstaafu, mrefu, mwenye macho yaliyovimba.

"Pole tena, mwalimu."

"Tumeshapoa, afande. Alasiri tutapoa kabisa." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Mimi ndiye mwana mkubwa. Mimi ndiye nitakayeianza, na wazee wataipokea. Wilbard aisikie huko huko aliko."

"Mtamtaja jina?"

"Tukitaja, tusitaje, laana haihitaji kuonyeshwa njia. Itampata aliyefanya."

"Nipe hadi alasiri hiyo."

"Umekuwa na siku mbili."

Kutoka kwenye benchi, mzee mdogo wa umbo aliyejifunika blanketi mbili alikohoa kwa makusudi. Alikuwa Yoakimu, ndugu wa marehemu, ambaye ndiye angeongoza wazee.

"Shikamoo, mzee Yoakimu."

"Marahaba. Hukunisalimia jana."

"Jana ulikuwa umelala, mzee."

"Nilikuwa nimefumba macho tu. Polisi mnapenda kudhani." Akasogea kumpa nafasi. "Kaa. Uliza. Wewe si umekuja kuuliza?"

"Siku ya Krismasi ulikaa karibu na marehemu?"

"Bega kwa bega. Nilikunywa ile jusi ya mjukuu hadi akina mama wakaanza kunihesabia. Tamu! Mdomo wa glasi una sukari, unalamba kama mbuzi kwenye chumvi. Na bado nipo, nakula."

"Na marehemu alikunywa hiyo hiyo?"

"Hiyo hiyo, lakini si kwenye glasi. Ndugu yangu hajawahi kushika glasi. Alikuwa na kibuyu chake."

"Alianza kubadilika lini?"

Yoakimu alitazama mvua. Utani ukamtoka usoni. "Baada ya chakula. Akaomba maji. Akapewa, akashindwa kuyameza. Akavua koti, na wewe unaiona baridi ya huku. Uso umewaka. Halafu akaanza kuchuma kitu hewani, hivi, kama mtu anayechuma maharage. Nikamwuliza, Agustino, unafanya nini? Akaniambia, namsaidia Tekla, amechoka."

Tekla alikuwa mke wa marehemu. Alikuwa amekufa miaka miwili nyuma.

"Tukacheka," alisema Yoakimu. "Afande, tulicheka. Tukasema mzee amelewa, mwacheni afurahi na mke wake. Giza lilipoingia hakuna aliyemwona akitoka."

Tadei alimpa pole. Kisha akainuka, akaizunguka nyumba yote akiwa na picha ya Evaline mkononi. Alitazama jalala, nyuma ya zizi, kando ya choo, pembeni ya njia ya kisimani. Alipata magugu ya kila aina, ila mnanaha hakuuona hata mche mmoja. Kwenye kona ya shamba, kaburi jipya la mzee lilikuwa limelala kando ya kaburi la mkewe. Mbuzi wawili walikuwa wamevunja uzio na kuyavamia mashada. Walikuwa wamemaliza maua ya sokoni, wamemaliza majani, na sasa walikuwa wakitafuna hata riboni. Kichaka kimoja tu kilichokuwa kichwani mwa kaburi la bibi hawakukigusa, ingawa kilikuwa kibichi na kimebeba maua meupe. Tadei aliwafukuza mbuzi, akarudi jikoni.

Lucia alikuwa peke yake, akiosha sufuria za msiba. Alikuwa binti wa Hilary, miaka ishirini na kidogo, mfanyakazi wa nyumba ya wageni Babati.

"Shikamoo afande."

"Marahaba, mwanangu. Nina ombi gumu. Nataka unitengenezee kile kinywaji tena. Kama ulivyofanya siku ile, hatua kwa hatua. Usiruke kitu hata kama unaona hakina maana."

Mikono yake ilisimama ndani ya maji. "Leo?"

"Leo. Kuna mtu mahabusu."

Akafuta mikono. Mwanzoni alifanya kila kitu kwa woga, baadaye mikono ikazoea. Alichemsha tangawizi na sukari na kijiti cha mdalasini. Alikamua pasheni kupitia chujio la chai, akalikandamiza kwa kijiko. Nanasi hakuwa nalo, akaonyesha tu mahali lilipokuwa. Alipaka limau kwenye mdomo wa glasi, akaigeuza juu ya sahani ya sukari, akaiinua ikiwa na ukingo mweupe.

"Nani alikufundisha?"

"Simu. Na pale kazini, wageni wakiagiza natazama." Kwa mara ya kwanza alitabasamu kidogo. "Nilikuwa nasema, kila Krismasi kwetu ni soda na pombe ya mahindi. Mwaka huu niwafanyie sikukuu kama ya hotelini, lakini nyumbani. Nilitengeneza ndoo mbili. Hii ya jini kwa wakubwa, hii bila jini kwa watoto na wanakwaya. Hata baba alikunywa ile ya wanakwaya, akasema afadhali ningesomea hii kuliko uhasibu."

"Jini uliweka lini?"

"Ile ya ndoo, siku yenyewe ya Krismasi, kila mtu akitazama. Soda ya tangawizi mwisho kabisa, isipotee gesi."

"Ile ya ndoo. Ipo nyingine?"

"Ya babu niliitengeneza jioni ya mkesha. Mjomba alifika na chupa, akaifungua mbele yetu wote, nikachukua kidogo ya babu kwanza."

Tadei aliandika neno moja, akaacha kalamu. "Kwa nini mapema?"

Alimtazama kama mtu anayeulizwa kwa nini anavaa viatu. "Babu hanywi kitu ambacho hakijalala. Pombe ya asali, ya mahindi, ya chochote, lazima ilale kibuyuni usiku mzima ndipo ainywe. Kisicholala anasema ni maji ya barabarani. Nilijua nikimpa glasi atanirudishia. Kwa hiyo yake nikaimimina kwenye kibuyu, nikakifunga, kikalala karibu na mafiga."

"Kibuyu kiko wapi?"

Alikitoa kwenye msumari nyuma ya mlango. Kilikuwa cheusi kwa moshi, shingo yake nyembamba. "Shangazi alikiosha asubuhi ile mzee alipopatikana. Alikuwa analia na kuosha kila kitu."

"Ndani uliweka nini? Jini, pasheni, nanasi, tangawizi."

"Ndiyo."

"Basi?"

"Basi." Akafikiri. "Na maua ya bibi. Hayo si kitu, ni mapambo. Kwenye simu wanaweka ua linaelea juu ya glasi, linapendeza sana. Lakini kibuyu hakina juu pa kuelea, kwa hiyo niliyakunja nikayasukuma ndani."

Tadei alikiweka kibuyu mezani, taratibu sana. "Maua yapi ya bibi?"

"Yale ya pale kaburini. Bibi aliyapanda mwenyewe pembeni ya dirisha lake. Alipofariki babu akakata tawi, akalipanda kichwani pake, likaota. Wengine wote niliwapa kipande cha chungwa. Babu nilimpa maua." Akashusha sauti. "Krismasi ilikuwa pia siku waliyofunga ndoa. Nilimnong'oneza wakati nampa. Nikamwambia, babu, leo unakunywa na bibi. Alifurahi, afande. Alinishika kichwa akanibariki."

"Kalete ua moja," alisema Tadei.

Alirudi na mvua kwenye nywele, ua likiwa limelala kwenye kiganja chake, refu, jeupe, lenye umbo la tarumbeta. Lile la kwenye picha ya Evaline lilitazama juu, na hili lilitazama chini. Mengine yote yalikuwa sawa. Tadei alilipiga picha, akapanda hadi nyuma ya zizi mahali mtandao unapopatikana, akaituma. Simu ikaita kabla hajashuka.

"Umelitoa wapi hilo?" aliuliza Evaline. "Hilo ni ndugu ya mnanaha. Watu wanalipanda kwa urembo, hawajui. Likielea kwenye glasi dakika mbili labda usione kitu. Likilowekwa kwenye pombe usiku mzima, tena kwa mzee wa umri ule... Afande? Bado upo?"

"Nipo."

"Ni nani aliyeweka?"

Tadei alikata simu. Alisimama pale kwenye mvua, akasema Baba Yetu mpaka mwisho, ndipo akarudi jikoni.

Alivaa glovu, akachukua waya mwembamba wa jikoni, akaupinda ncha, akauingiza kwenye shingo ya kibuyu. Kilikuwa kimesuuzwa, lakini shingo ile isingeweza kutoa kitu kilichovimba. Alizungusha, akavuta. Kikatoka kitu kama kitambaa cha kahawia, kinachoteleza. Akakikunjua juu ya sahani ile yenye sukari. Bado ungeweza kuona mishipa ya ua.

Lucia alitazama sahani. Kisha akamtazama yeye. Kisha sahani tena.

"Mbona unalitoa hivyo?" aliuliza. "Mbona umevaa glovu?"

"Kaa chini, mwanangu."

"Ni maua tu."

"Kaa chini kwanza."

"Ni maua ya bibi, afande. Yako hapo dirishani tangu sijazaliwa. Nimecheza chini yake." Alikuwa amesimama bado, amejishika shingo. "Watoto wote wa hapa wamecheza chini yake."

"Kuyagusa hakuui. Ni kuyaloweka. Ni kulala kwake kibuyuni."

Hakulia. Alikaa chini kwenye sakafu ya jiko, mahali pale pale alipokuwa. Akasema, "Alinibariki."

"Najua."

"Alikinywa chote. Alisema ni kitamu, akakigeuza kuonyesha kimeisha."

Tadei alichuchumaa mbele yake. "Nisikilize. Nitaandika maelezo yako, na jalada litakwenda kwa wanaoamua, si mimi. Nitaandika kwamba hukujua. Hiyo ndiyo kweli na nitaisimamia. Sasa hivi nitazungumza na baba yako kando, kabla hawajaanza."

Lakini walikuwa wameshaanza. Chini ya turubai wazee walikuwa wamesimama kwa duara, wanawake nyuma yao, na sauti ya Hilary ilikuwa imekwisha kuinuka. Tadei alipotoka mlangoni alimsikia akisema, "Aliyemnywesha baba yangu..." Akaongeza hatua. Lucia akampita mbio, miguu mitupu, akapenya kati ya mabega ya wazee hadi katikati.

"Baba, usimalize."

"Toka hapa, Lucia. Wewe huwezi kuwa hapa."

"Usimalize. Ni mimi. Au maliza, baba. Sijui. Mimi ndiye niliyempa. Niliweka maua ya bibi kwenye kibuyu, yakalala humo, yana sumu, sikujua. Siyo mjomba Wilbard. Ni mimi."

Mtoto mmoja alianza kulia nyuma na mama yake akamziba mdomo. Tadei aliingia katikati ya duara, sahani mkononi, akaeleza. Alieleza kwa maneno machache, jinsi tabibu alivyoona macho, jinsi ndoo ilivyokuwa salama, jinsi kibuyu kilivyobeba ushahidi wake chini. Alipomaliza, mwanamke mmoja upande wa wakwe akasema wazi, "Basi ni muuaji, ajue au asijue." Na mwingine akasema, "Laana ilishafunguliwa mdomo. Haiwezi kuachwa hewani."

Wote wakamgeukia Yoakimu. Yule mzee alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Msinitazame mimi," alisema. "Mimi nilicheka akifa. Kama ni kulaani, mtaanzia wapi? Aliyefungua mdomo ni Hilary. Yeye ndiye wa kuufunga."

Hilary alisimama. Mvua ilikuwa ikidondoka kutoka kwenye ukingo wa turubai nyuma yake. Alimtazama binti yake kwa muda, kama mtu anayesoma barua aliyoandikiwa kwa mwandiko mbaya. Akafungua mdomo, akaufunga. Akavua koti lake la msiba, akamvisha Lucia mabegani, akamshika mkono uliokuwa bado unanuka tangawizi, akauinua ili wote wauone.

"Nisikilizeni, wazee. Sikilizeni wakwe. Afande, na wewe uwe shahidi. Wilbard atatolewa leo, na mimi mwenyewe nitakwenda kumchukua na kumwomba msamaha kwa magoti. Hilo la kwanza." Akageuka kuelekea makaburini. "Na hili la pili, badala ya laana, nalisema mbele ya Mungu, mbele ya kaburi la baba na la mama. Kila Krismasi nitakayojaliwa kuiona, kikombe cha kwanza katika nyumba hii kitatoka mkononi mwa huyu. Atakitengeneza yeye, atakileta yeye, na mimi nitakinywa chote mbele yenu, bila kuuliza ameweka nini."